Akaunti ya Benki ya Kulipia Yenye Bima Ndani: Faida Yake na Pengo la Maradhi ya Awali

Mada iliyowasilishwa kwenye semina ya elimu ya fedha kwa familia za Waswahili waishio Uingereza

1.0 Utangulizi



Waandaaji wa semina hii wamenipa swali fupi: akaunti ya benki inayolipiwa ada kila mwezi, ambayo ndani yake zimefungwa bima ya safari, bima ya simu na huduma ya gari, ina faida kwa familia zetu au haina? Nashukuru kwa kuaminiwa. Ninafanya kazi katika kituo cha ushauri wa madeni na malalamiko ya fedha, na swali hili linanijia mezani karibu kila wiki, mara nyingi likiwa limechelewa.

Nitalijibu kwa mpangilio wa kawaida wa mada: istilahi, hesabu, masharti, kisha mapendekezo. Lakini naomba radhi mapema, kwa sababu sehemu ya tano itakuwa ndefu kuliko nyingine zote. Humo nitaeleza tatizo ambalo nimepambana nalo kwa miaka: watu wetu wenye presha, kisukari, pumu na maradhi ya moyo wanalipia bima ya safari ambayo siku wakiugua haitawalipa, na hawajui.

Ninao pia wajibu wa tahadhari. Yaliyomo humu ni maelezo ya jumla. Kituo changu hakina ruhusa ya kumchagulia mtu benki wala bima, na sitaitaja benki yoyote kwa kuisifu au kuilaumu. Suala la uhalali wa bima kidini nawaachia masheikh wenye elimu hiyo.

2.0 Ufafanuzi wa istilahi

Akaunti ya kawaida haina ada ya mwezi. Akaunti ya kulipia ina ada, ambayo kwa benki nyingi za hapa iko kati ya pauni 10 na 25 kwa mwezi, na kwa ada hiyo mteja hupewa mkusanyiko wa bima. Bima ya safari hulipia matibabu ya dharura nje ya nchi, safari iliyovunjika na mizigo iliyopotea. Bima ya simu hulipia simu iliyoibwa, iliyopotea au kuvunjika. Huduma ya gari humwokoa dereva aliyeharibikiwa njiani. Dai ni ombi la kulipwa. Kiasi cha kujibebea ni zile pauni unazotoa mfukoni mwako kabla kampuni ya bima haijatoa zake.

Washiriki wengi wanayafahamu haya, kwa hiyo nasonga mbele.

3.0 Hesabu ya ada

Tuchukue ada ya pauni 18 kwa mwezi. Kwa mwaka ni pauni 216. Kwa miaka 6 ni pauni 1,296. Mtu anayekatwa pauni 18 kila mwezi haoni kitu kikubwa kikiondoka. Angedaiwa pauni 1,296 kwa mkupuo angeuliza maswali mengi kabla ya kutoa.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Kwanza, ondoa usichokitumia. Kama huna gari, huduma ya gari kwako ni sifuri, hata benki iiandikie bei gani kwenye kipeperushi. Pili, ondoa ulichonacho tayari. Bima ya nyumba huenda inagusa simu yako, na bima haikulipi mara mbili kwa hasara moja. Tatu, tafuta bei ya kilichobaki kikinunuliwa pekee, kisha linganisha na pauni 216.

Wapo ambao hesabu hii inawaendea vizuri, na haki inanitaka niseme hivyo. Mume na mke wenye akaunti ya pamoja hulipa ada moja na mara nyingi wote wawili hulindwa. Wakiwa na gari, simu kadhaa nyumbani, watoto wanaosafiri nao, afya njema, na safari za wiki mbili au tatu kila mwaka, akaunti ya namna hii inaweza kuwa nafuu kuliko kununua kila bima peke yake. Sijawahi kumwambia mtu wa aina hiyo aifunge.

Kumbuka pia kwamba ada hupanda. Benki inatakiwa kutoa taarifa miezi miwili kabla. Ukipata taarifa hiyo, rudia hesabu tangu mwanzo.

4.0 Masharti yanayozigusa familia zetu

Bima hizi ziliandikwa kwa ajili ya mteja anayekwenda Hispania wiki mbili na kurudi. Sisi tunasafiri kwa namna nyingine. Nitayataja masharti sita kwa haraka.

Siku za safari. Mikataba mingi inaruhusu siku 31 kwa safari moja. Likizo ya shule ya kiangazi ni wiki 6. Mtu akienda kuzika akasubiri arobaini, ameshavuka. Na katika mikataba mingi, safari iliyopangwa kuwa ndefu kuliko kikomo hailindwi tangu siku ya kwanza. Usidhani zinapotea zile siku za mwisho tu. Baadhi ya kampuni huongeza siku kwa malipo, lakini ni lazima uombe kabla ya kuondoka.

Umri. Bima nyingi za safari zilizofungwa kwenye akaunti hukoma mteja anapofikisha miaka 70, au hudai nyongeza. Ada ya akaunti haishuki kwa sababu hiyo.

Ukaaji. Safari ianzie Uingereza na kuishia Uingereza. Mwenye tiketi ya kwenda bila kurudi, yaani mzee anayerudi kumalizia maisha nyumbani, halindwi. Mama anayekuja kututembelea kutoka Dar es Salaam au Mombasa naye halindwi na akaunti ya mwanawe.

Maeneo. Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza ikishauri watu wasiende mahali fulani, bima nyingi hukatika hapo. Ndugu zetu wa Kivu wanalijua hili kwa uchungu: kwenda Goma au Bukavu kumwona mzazi, kwa bima nyingi, ni kwenda bila bima. Ushauri huo hubadilika, kwa hiyo usomwe siku ya kukata tiketi na usomwe tena siku ya kuondoka. Kwa waendao Zanzibar, tangu Oktoba 2024 mgeni kutoka nje hutakiwa kununua bima ya Shirika la Bima la Zanzibar kwa dola 44 hata akiwa na bima nyingine. Ihesabu katika bajeti yako.

Simu. Simu ikichukuliwa Kariakoo au Gikomba, kampuni itataka uthibitisho wa polisi. Ukirudi bila namba ya RB kutoka kituo cha Tanzania, au OB kutoka Kenya, kulipwa ni kwa shida.

Maiti. Hapa naomba tusikilizane vizuri, kwa sababu nimeona misiba ikiingia mgogoro. Bima ya safari inashughulika na aliyefariki akiwa safarini nje ya Uingereza, na kwa kawaida inamleta Uingereza au inagharimia maziko kule kule. Mtu aliyefariki nyumbani kwake Leicester au Reading hakuwa safarini. Bima hii haimpeleki Moshi, Pemba wala Kisumu. Familia inayodhani akaunti ya benki itasafirisha mwili inagundua ukweli siku ambayo haina nguvu za kugundua chochote.

5.0 Maradhi ya awali

5.1 Kisa cha mama mmoja

Mama huyu ni mwenyeji wa Tanga, mtu mzima, aliyefanya kazi ya kulea wagonjwa hapa Uingereza miaka mingi. Alifunguliwa akaunti ya kulipia na mfanyakazi wa tawi la benki siku alipokwenda kubadilisha anwani. Aliambiwa kuna bima ya safari ndani yake, dunia nzima. Alifurahi, kwa sababu alikuwa anakwenda nyumbani kila mwaka. Alilipa ada miaka 6 bila kukosa hata mwezi mmoja.

Wakati wote huo alikuwa anatumia dawa ya presha, kidonge kimoja kila asubuhi. Alikwenda Tanga kwenye harusi ya mtoto wa dada yake, akapata kiharusi. Akakimbizwa Dar es Salaam, hospitali ya binafsi, na hospitali ikataka amana. Watoto wake wakapiga simu kwenye kampuni ya bima wakiwa na matumaini. Kampuni ikaomba kumbukumbu kutoka kwa daktari wake wa hapa, ikaona dawa ya presha, ikakataa dai. Bili ililipwa kwa michango ya WhatsApp na kwa mkopo wa mwanawe mkubwa, ambao bado analipa.

Alikuja ofisini kwetu akiwa anatembelea mkongojo, na mkoba wa plastiki umejaa barua. Nilimuuliza kama aliwahi kuiambia kampuni ya bima kuhusu presha. Akaniambia: "Mwanangu, mimi sikuficha. Hakuna aliyeniuliza."

Nilikwenda kusoma makaratasi yake yote. Alikuwa anasema kweli. Hakuna aliyemuuliza.

5.2 Pengo linavyotokea

Mtu akinunua bima ya safari peke yake, kwenye mtandao au kwa simu, anaulizwa kabla ya kulipa: una ugonjwa gani, unatumia dawa gani, ulilazwa lini. Akijibu, bei inapangwa kwa majibu yake. Sheria ya bima za watumiaji ya 2012, iliyoanza kutumika Aprili 2013, imeegemea utaratibu huo. Iliuondoa mzigo wa zamani wa mteja kubashiri kampuni ingependa kujua nini, ikamwachia wajibu wa kujibu kwa uangalifu usio na uongo kile anachoulizwa.

Sasa tazama akaunti ya kulipia. Bima inaingia pamoja na akaunti. Maswali ya afya mara nyingi hayaulizwi mlangoni. Badala yake, mkataba unasema tangu mwanzo kwamba maradhi ya awali hayalindwi, ila kama mteja mwenyewe amepiga simu namba fulani, ameyataja, na kampuni imeyakubali. Kampuni ikikataa dai, haihitaji kusema kwamba mteja alidanganya. Inaonyesha kifungu tu. Mama wa Tanga hakutuhumiwa kwa uongo wowote. Alikuwa nje ya bima tangu siku ya kwanza, na ada ikaendelea kukatwa.

Hilo ndilo pengo. Anayenunua bima peke yake huulizwa kwanza, ndipo alipe. Mwenye akaunti hulipa kwanza, na swali huja siku ya kiharusi.

5.3 Ni nini huhesabiwa kuwa maradhi ya awali

Washiriki wengi hufikiri ni saratani na moyo tu. Mikataba inakwenda mbali zaidi. Kwa kawaida huhesabu ugonjwa wowote ambao, ndani ya muda uliotajwa, umeutumia dawa, umetibiwa, umepimwa au umepewa rufaa ya hospitali. Kidonge kimoja cha presha kinahesabiwa, hata kama presha imetulia miaka 10. Kisukari cha vidonge kinahesabiwa. Pumu ya mtoto inahesabiwa. Seli mundu inahesabiwa. Kipimo ambacho majibu yake hayajatoka kinahesabiwa, hata kama baadaye majibu yatakuwa mazuri.

Tena maradhi yana ukoo. Kampuni huiunganisha presha na kiharusi, na moyo, na figo. Huunganisha kisukari na kidonda cha mguu na macho. Kwa hiyo mtu aliyeacha kuitaja presha hajakosa kinga ya presha peke yake. Amekosa kinga ya vile vitu hasa ambavyo vinaweza kumlaza Muhimbili au Mnazi Mmoja.

Kuna na upande wa jamaa. Ukivunja safari kwa sababu baba amezidiwa Mwanza, mikataba mingi huuliza kama ugonjwa wa baba ulijulikana wakati unakata tiketi. Ukiwa ulijulikana, dai huweza kukataliwa.

5.4 Kwa nini tunanyamaza

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Methali hiyo tunaijua wote, na bado tunaficha. Nimejitahidi kuelewa sababu, kwa sababu bila kuzielewa mapendekezo yangu hayatafika popote.

Ya kwanza, kwetu presha na kisukari vimekuwa vya kawaida mno. Mtu anaulizwa, "Mzima?" anajibu, "Mzima, ni presha tu." Neno hilo "tu" linawagharimu watu maelfu ya pauni.

Ya pili ni staha na hofu ya maneno. Ugonjwa ni siri ya mtu. Mama hataki kuyataja maradhi yake kwa sauti sebuleni, achilia mbali kumtajia mgeni kwenye simu.

Ya tatu ni lugha. Simu ya kutaja maradhi huchukua muda, na maswali ni ya kitabibu, kwa Kiingereza. Wazee wengi humtegemea mtoto awatafsirie. Sasa mama ataulizwaje na binti yake wa miaka 16 kama ana tatizo la mkojo au la kizazi, naye ajibu kweli? Atasema hana. Nimekaa kwenye simu hizo na nimeona mama akiinamisha macho.

Ya nne, niseme bila kuzunguka, ni benki zenyewe. Nimeshiriki vikao na maofisa wa benki zaidi ya mara moja kuhusu jambo hili. Kila mara nimejibiwa kwa adabu kwamba masharti yapo wazi kwenye kijitabu na kwenye barua ya kila mwaka. Ni kweli yapo. Tangu 31 Machi 2013, kanuni zinawataka wanaouza akaunti hizi wahakikishe mapema kama mteja anastahili kudai chini ya kila bima iliyomo, na wamtumie kila mwaka taarifa ya masharti ya kustahili. Barua ya mama wa Tanga nimeishika mkononi. Maradhi ya awali yametajwa ukurasa wa pili, katikati ya aya, kwa herufi zile zile zilizotumika kueleza simu na gari. Mimi ninayelipwa kuzisoma barua hizi ilinibidi niisome mara mbili. Siwezi kukubali kwamba huko ndiko kuuliza.

5.5 Ukipiga simu, nini hutokea

Majibu ni matatu. Kampuni inaweza kukubali ugonjwa bila nyongeza. Inaweza kukubali kwa nyongeza. Inaweza kukataa.

Kila jibu linabadilisha ile hesabu ya sehemu ya tatu. Ikikubali bila nyongeza, pauni 216 zako zimeanza kufanya kazi. Ikitaka, kwa mfano, pauni 120 juu yake, sasa akaunti yako ni ya pauni 336, na kwa bei hiyo unapaswa kuilinganisha na bima inayonunuliwa peke yake. Ikikataa, basi bima ya safari kwako haina uzito mkubwa tena, na simu na gari pekee ndizo zibebe pauni 216. Kwa wengi haziwezi.

Aliyekataliwa asikate tamaa akasafiri hivi hivi. Zipo kampuni zinazowahudumia wenye maradhi, na huduma ya serikali iitwayo MoneyHelper ina orodha yake, bila malipo. Na tusisahau kwamba matibabu ya bure tuliyoyazoea kwa NHS yanaishia Heathrow. Kadi ya afya inayotumika Ulaya haitambuliwi Tanzania, Kenya, Uganda wala Congo.

5.6 Malalamiko mawili ndani ya kisa kimoja

Hapa pana somo ambalo lilinichukua muda mrefu kujifunza. Dai likikataliwa, familia hulalamika juu ya dai peke yake, na mara nyingi hushindwa kwa sababu kifungu kipo. Lakini ndani ya kisa kimoja mna malalamiko mawili. La kwanza ni dhidi ya kampuni ya bima: kwa nini hukulipa? La pili ni dhidi ya benki: kwa nini uliniuzia bima nisiyostahili, bila kuuliza?

Mama wa Tanga tulimwandikia yote mawili. Dai la hospitali halikulipwa mpaka leo. Lalamiko la pili, la kuuziwa, lilimrudishia ada zake. Hazikutosha kufuta mkopo wa mwanawe, lakini benki ilikubali kwamba kulikuwa na kosa, na mama alihitaji kulisikia hilo.

Utaratibu ni huu. Lalamika benki kwanza, kwa maandishi. Benki ina wiki 8 za kutoa jibu la mwisho. Usiporidhika, au muda ukipita, peleka kwa Financial Ombudsman Service, msuluhishi asiyetoza mteja chochote. Una miezi 6 tangu jibu la mwisho la benki. Kwa kawaida lalamiko liwe ndani ya miaka 6 tangu tukio, au miaka 3 tangu ulipojua au ulipopaswa kujua kwamba una sababu ya kulalamika. Mawakala wanaopiga simu wakiahidi kukurudishia ada kwa kukata fungu lao wanafanya kazi ambayo unaweza kuifanya mwenyewe bure. Wala usiwaamini wakikuambia jambo hili ni sawa na ile bima ya mikopo iliyozigharimu benki zaidi ya pauni bilioni 38. Ile ilifungwa 29 Agosti 2019. Hili lina taratibu zake, na kila lalamiko hupimwa kwa ushahidi wake.

6.0 Mapendekezo

6.1 Kwa mwenye akaunti

(i) Angalia leo kwenye taarifa ya benki kama unakatwa ada. Wapo wanaokatwa na hawajui.
(ii) Fanya hesabu ya mwaka mzima, usifanye ya mwezi.
(iii) Ondoa kwenye hesabu bima usiyoitumia na ile uliyonayo kwingine.
(iv) Kama wewe, mwenzako au mtoto anatumia dawa yoyote ya kila siku, piga simu ya maradhi ya awali wiki hii.
(v) Taja kila ugonjwa na kila dawa, hata ile unayoiita "tu". Uwe na orodha ya dawa kutoka kwa daktari mkononi.
(vi) Omba majibu kwa maandishi. Andika tarehe, saa na jina la aliyekuhudumia.
(vii) Rudia simu hiyo ugonjwa mpya ukitokea, dawa ikibadilishwa au ukipewa rufaa, na kabla ya kukata tiketi.
(viii) Hesabu siku za safari. Zikizidi 31, omba nyongeza kabla ya kuondoka.
(ix) Ukikaribia miaka 70, uliza mapema.
(x) Ukiona haikufai, omba kuhamishiwa akaunti isiyo na ada katika benki hiyo hiyo, au hama. Huduma ya kuhamisha akaunti huchukua siku 7 za kazi, na malipo yako ya kila mwezi huhamishwa nayo. Hakikisha tu kwamba una bima nyingine kabla ya kuiacha hii, hasa kama umeshakata tiketi.
(xi) Dai likikataliwa, kumbuka malalamiko ni mawili.

6.2 Kwa familia

(i) Watoto wawaulize wazazi wao kwa heshima, faraghani, kama simu hiyo ilipigwa.
(ii) Mtoto asifanywe mkalimani wa maradhi ya mzazi. Omba mkalimani wa kampuni, au nenda na mtu mzima wa jinsia moja ambaye mzazi anamridhia.
(iii) Suala la kusafirisha mwili lipangwe kwa njia yake, iwe bima maalumu au mfuko wa jumuiya. Lisiachiwe akaunti ya benki.

6.3 Kwa viongozi wa jumuiya, misikiti na makanisa

(i) Kila mwaka, kabla ya Juni, kabla watu hawajaanza kuondoka, pawe na siku moja ya kupiga simu za maradhi ya awali, pakiwa na wakalimani wa Kiswahili na chumba cha faragha.
(ii) Tangazo la msiba au la michango ya hospitali lifuatwe na mafunzo mafupi. Watu husikiliza vizuri zaidi wakiwa wameguswa.
(iii) Mifuko yetu ya kufa na kuzikana iandike wazi inalipia nini, ili wanachama wasichanganye na bima ya safari.

6.4 Kwa mabenki na kampuni za bima

(i) Swali la maradhi liulizwe kabla ada ya kwanza haijakatwa.
(ii) Taarifa ya kila mwaka ianze na maradhi ya awali, ukurasa wa kwanza, mstari wa kwanza.
(iii) Mteja ambaye bima kuu ya akaunti haimfai aambiwe hivyo, na aonyeshwe akaunti isiyo na ada.
(iv) Mkalimani apatikane bila mteja kulazimika kumtafuta.

6.5 Kwa wasimamizi

Tangu 31 Julai 2023 makampuni ya fedha yana wajibu wa kuhakikisha mteja anapata matokeo mema na thamani inayolingana na anacholipa. Kwa unyenyekevu, naomba wajibu huo upimwe kwa swali moja: ni wateja wangapi wanaolipia bima ya safari, wana maradhi, na hawajawahi kuulizwa? Benki zina njia ya kujua. Ziombwe zijue.

7.0 Hitimisho

Ndugu Mwenyekiti, akaunti ya kulipia yenye bima ndani inawafaa watu wenye afya njema wanaoitumia kwa wingi, na wale wenye maradhi ambao kampuni imeyakubali kwa maandishi. Kwa mwenye maradhi ambayo hayajatajwa, ni ada ya kila mwezi kwa kinga ambayo haipo.

Nimerudia mambo mengi na najua nimevuka muda niliopewa. Nimefanya hivyo kwa sababu mama wa Tanga hakuwa wa kwanza kukaa kwenye kiti kile ofisini kwetu, na baada yake wameshakuja wengine. Nawaomba, kabla hatujala chakula cha mchana, kila mwenye akaunti ya namna hii aitafute namba ya simu ya maradhi ya awali kwenye makaratasi yake na kuihifadhi kwenye simu. Nasi tutabaki hapa mpaka jioni kumsaidia yeyote atakayependa kuipiga leo.